Aliyebisha Hodi Kabla ya Kukata

Katika miaka yote aliyoshika ile kazi, Mama Shemasi alimkata mtu mmoja tu bila kwanza kwenda kumbishia hodi, na mtu huyo alikuwa mtoto wake wa kumzaa. Naanza na hilo kwa sababu nawajua watu wa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda. Nikianza na mema yake wataniuliza, "Na ya Asifiwe je?" Basi ya Asifiwe yatakuja, wasinisukume. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa mlango wa pili kutoka kanisani, na cherehani yangu. Na tangu siku ile swali lililokuwa likituwasha sote ni moja: je, atakwenda kwa mtoto wake na kulirudisha lile neno alilomwandikia mbele ya watu, au atampoteza hivi hivi?

Kwanza mumjue. Alikuwa mtu asiyeweza kukaa. Chai alikunywa amesimama. Kanisani alikalia ncha ya benchi, karibu na mlango, na katikati ya mahubiri aliinuka kwenda kufunga dirisha ambalo hakuna aliyelalamika kuwa liko wazi. Akija kwangu kunipa habari, mikono yake ilianza kukunja nguo zangu, wakati fundi ni mimi. Siku moja alikunja gauni lenye pini ndani, likamchoma, akanilaumu mimi. Alikuwa mrefu, mwembamba, kitenge chake kimefungwa haraka haraka na kila baada ya hatua chache kinamteleza, naye anakivuta huku anatembea. Ukimwangalia sana ulichoka wewe.

Sote tulimwita Mama Shemasi kwa sababu ndicho cheo chake katika kanisa letu, kanisa la watu waliotoka Kivu ya Kusini, kule Kongo, wakulima na wafugaji waliogeuka wauza nyanya. Lakini nje ya kanisa walimjua zaidi kwa kazi ya pili, na kazi hiyo aliipata kwa sababu ya ufunguo.

Vijana fulani wa mji wa Mbarara wenye mapenzi na kompyuta walituletea kisanduku kidogo cha kutumia umeme wa jua na kompyuta ya kukiendesha, wakaviweka katika chumba cha pembeni cha kanisa na kupandisha antena juu ya bati. Ukiwa na simu, hata ile ya kioo kilichopasuka, ukifika karibu na antena unaingia katika vyumba vya maongezi bila kununua bando. Kulikuwa na chumba cha Soko, chumba cha Kuulizana, chumba cha Vijana, na chumba kidogo cha bashemasi cha kupangia mambo ya kanisa. Baadaye waliunganisha hata walio mbali na antena, pamoja na wenzetu wa kambi ya Oruchinga na waliohamia mjini. Vijana wakasema lazima awepo msimamizi, wanamwita opereta. Wakauliza nani anashika ufunguo wa chumba. Anayeshika ufunguo alikuwa Mama Shemasi. Msidhani kulikuwa na uchaguzi.

Wakamfundisha amri. Nyingi alizisahau siku hiyo hiyo na hakuona haya kusema. Moja ndiyo iliyomshika: ile ya kumtoa mtu. Unaandika amri, unaandika jina la mtu, unaandika sababu, unabonyeza. Mtu anatoka papo hapo, neno lake likiwa nusu, na kila aliyekuwa naye chumbani anaona kwenye simu yake kwamba fulani ametolewa na sababu ni hii. Kwa Kiingereza amri yenyewe inaitwa kwa neno la kuua. Yeye alikataa kabisa kulitamka.

"Siye tulitoka fasi ya kuuana," aliwaambia wale vijana. "Hapa tutasema kukata."

Basi tukasema kukata. Sasa, ile amri ilikuwa na jambo moja ambalo vijana waliliona ni udhaifu: ilimtoa mtu lakini haikumfungia mlango. Aliyekatwa, simu yake ilimrudisha yenyewe kabla hajameza mate. Kijana wao mmoja, Mnyankole mpole anayependa kuvaa kofia ndani ya nyumba, alimwonyesha namna ya kumzuia mtu moja kwa moja.

"Mama, wewe nafunga yeye kabisa," alisema. "Kazi naisha."

"Nikimufunga kabisa, atatubia wapi?"

Kijana alinitazama mimi kama naweza kumsaidia. Nilirudi kutia uzi kwenye sindano. Mama Shemasi alikipenda kisanduku kwa ajili ya udhaifu huo huo. Alikuwa akisema, "Mashine iko na huruma kuliko bashemasi. Inarudisha mutu bila kumuuliza."

Desturi yake ya hodi hakuitoa hewani. Kwetu, mtu akikosa, hatangazwi kwanza kanisani. Unamwendea nyumbani kwake, unamwambia kosa lake uso kwa uso. Akikukatalia unarudi na mashahidi wawili. Akikataa tena ndipo anawekwa nje ya meza ya Bwana. Na siku akitubu, au siku ikionekana kwamba alionewa, kanisa zima linasimama, linampokea kwa kumshika mkono, na aliyemshtaki anakuwa wa kwanza. Mama Shemasi alichukua desturi hiyo akaishonea kwenye kompyuta kama kiraka kwenye suruali. Hakuna kukatwa kabla ya kubishiwa hodi. Ila kwa kuwa hakuwa na subira, ziara ya kwanza na ya pili alizifanya kuwa moja, akaenda na mashahidi tangu mwanzo. Shahidi wa kwanza alikuwa Baba Shemasi, shemasi mwenzake wala si mumewe, mzee wa maneno machache aliyeweza kusinzia hata juu ya bodaboda. Wa pili alikuwa mimi, na sababu ya kuchaguliwa kwangu ni kwamba mlango wangu ulikuwa karibu.

Mimi si shemasi. Hata kwaya walinitoa kwa sauti. Lakini alisimama mlangoni, kitenge kikimteleza, akasema, "Fundi, acha nguo. Twende."

"Mama, niko nashona ya bibi arusi."

"Bibi arusi atangoja. Shetani hangojaka."

Nikaacha nguo, nikaenda. Niliacha nguo ngapi, Mungu anajua, na wateja wangu wanajua zaidi.

Tulikwenda upande wa Rubondo kwa mtu aliyejaza chumba cha Soko na tangazo la mbuzi. Asubuhi mbuzi, mchana mbuzi, jioni mbuzi, mpaka wauza maharage hawaonekani. Tulifika jua likiwa utosini. Kumbe mbuzi alishauzwa zamani. Yule bwana alikuwa anaendelea kutangaza kwa sababu watu walimjibu, wakamuuliza hali, na tangu mke wake arudi Bukavu hakuna aliyekuwa akimuuliza kitu. Mama Shemasi alimkaripia, akala mahindi yake ya kuchoma, akamwambia aje Alhamisi kusaidia kufagia kanisa. Tukiwa njiani kurudi akasema, "Ule si mutu ya kukata. Ni mutu ya kupewa kazi." Nilikubali, nikaona hekima. Sasa mwajua nini? Hakuja hata Alhamisi moja, na matangazo yalianza tena, safari hii ya mbuzi ambaye hajawahi kuzaliwa. Hapo Mama Shemasi akamkata. Kabla hajaondoa kidole kwenye kitufe bwana alikuwa amesharudi chumbani, ameandika, "Asante Mama, nimeelewa." Tulicheka mpaka tukafuta machozi. Mbuzi hakutajwa tena.

Siku nyingine tulikuwa njia ya Ngarama, kwa mchuuzi aliyewatukana wenzake, polisi wakatusimamisha. Mmoja alitazama Biblia iliyokuwa mkononi mwa Baba Shemasi.

"Nyinyi nakwenda wapi?"

"Tunaenda kumwambia mutu kosa yake," alisema Mama Shemasi.

"Kosa gani? Mimi hapa ndiyo polisi."

"Ya kwako ni ya sheria, afande. Ya kwetu ni ya mudomo."

Polisi alicheka, akatuambia tukimaliza huko tupitie kituoni, kuna mkubwa wake mmoja wa kuambiwa pia. Mama Shemasi aliichukua kama kazi kweli. Ilibidi nimvute mkono wakati wa kurudi.

Alikuwa na namna yake ya kuandika sababu. Neno moja au mawili, basi. Alisema sababu fupi umeifikiria, ndefu ni hasira inayotafuta pa kukaa. Na alisema iandike kana kwamba mwenyewe amesimama mbele yako anakusomea. Mtu huyo huyo lakini alikuwa msengenyaji wa kwanza. Opereta anaweza kuingia chumba chochote, naye aliingia vyote, asubuhi na jioni, kama mwenye nyumba anayekagua vyungu. Alijua nani anamtongoza nani kabla ya mtongozwaji. Alianza kwa kusema, "Miye sitaki kusengenya," kisha akasengenya mpaka chai ikapoa. Maombi marefu ya wengine yalimchosha, ya kwake hayakuwa na mwisho. Alihubiri upole huku anapiga meza.

Wala desturi yake haikumfaa kila mtu, nisije nikamfanya malaika. Kulikuwa na mume wa mtu, wa upande wa Juru, aliyekuwa anamwandikia msichana mmoja maneno machafu mbele ya chumba kizima. Vijana wa Mbarara wakasema mkate kwanza, hodi baadaye. Akakataa. Tukaenda Juru, hatukumkuta. Tukarudi, maneno yakaendelea. Tukaenda tena, tukamkuta, akatubu vizuri kabisa, akalia. Lakini msichana alikuwa ameshaondoka chumbani, na kwao walikuwa wamemnyang'anya simu wakisema ndiyo inayomharibu. Nilimwambia Mama Shemasi wazi: hodi yako imemchelewesha mtoto wa watu. Alininunia. Hakukanyaga mlangoni kwangu mpaka nikaanza kuzikumbuka zile kelele. Na aliporudi desturi hakuibadilisha, aliongeza mwendo tu.

Sasa Asifiwe. Ndiye mtoto aliyebaki naye, kijana mkimya, mwenye mikono ya kazi. Kisanduku alikijua kuliko mama yake, na ndiye aliyepanda juu ya bati antena ikiyumba, mama yake akiwa chini anampigia kelele kwamba ataanguka, mpaka karibu aanguke kweli. Akiwa hayupo, Mama Shemasi alimsifu hadi ukachoka. Akiwepo, alimkosoa kuanzia viatu. Kijana alizoea, alicheka kidogo na kuendelea na lake. Walipendana hawa watu, na nalisema hilo kwa sababu baadaye wengine walidai hawakupendana.

Kuna kanuni moja ambayo Mama Shemasi aliiweka kwenye vyumba vyote, na hakuna aliyeibishia: habari ya kifo haiandikwi mahali mfiwa anaweza kuisoma kabla ya kuambiwa. Kwetu aliyefiwa haambiwi na simu. Watu wazima wanakwenda kwake, wanamkalisha, wanamsalimu, wanamuuliza hali ya nyumbani, na ndipo mmoja anamwambia, wengine wakiwa wamemzunguka asije akaanguka peke yake. Habari ya kifo inabebwa na miguu, alisema, na kila mtu aliona ni haki.

Mchana mmoja Asifiwe alipigiwa simu kutoka kwetu, milimani. Mjomba wake amefariki. Huyo alikuwa kaka wa pekee wa Mama Shemasi, aliyebaki kule na ng'ombe wake akikataa kukimbia. Asifiwe alikuwa Base Camp, upande mwingine wa kambi, mbali na kanisa, na alijua desturi: hawezi kumwambia mama yake peke yake, lazima apate watu wazima wa kumsindikiza. Akaandika katika kile chumba kidogo cha bashemasi, ambacho na mimi nilikuwemo kwa sababu ya ushahidi wangu. Aliandika hivi: "Bashemasi, naomba munisindikize kwetu. Mujomba amekufa. Mama hajajua."

Alikuwa na hakika mama yake hayuko kwenye kompyuta ya kanisani, na kwa simu hakuwa akisoma vyumba. Asubuhi mama yake alimwambia anakwenda sokoni kutafuta nyanya, na akienda sokoni hurudi jioni. Lakini Mama Shemasi alikuwa amesahau mfuko. Alirudi kuuchukua, akapita kwenye kompyuta kuchungulia kidogo, na siku hiyo, katika siku zote, akakaa.

Mimi nilikuwa napinda sare ya shule. Sikusikia ukelele. Nilisikia vidole vyake kwenye vitufe, basi. Simu yangu ilikuwa imeshalia, nikawa nasoma maneno ya Asifiwe, na kabla sijafika mwisho pakatokea mstari mwingine chini yake: Asifiwe amekatwa. Sababu: muongo.

Niliingia mbio. Alikuwa ameshasimama, anapanga mabenchi ambayo yalikuwa yamepangwa.

"Mama," nilisema.

"Ni uongo. Kaka yangu niliongea naye juzi."

"Mama, kaa kwanza."

"Nikae juu ya nini?"

Baba Shemasi akafika na wengine wawili, wakihema. Walimwomba akae, hakukaa. Walisema yote ya kusema naye amesimama, anavuta kitenge chake. Asifiwe alifika mwisho, akasimama mlangoni na vumbi lake. Mama yake alimtazama.

"Unamumaliza mujomba wako mu simu?" alisema, akatoka kwenda kuteka maji.

Jioni simu zilianza kuingia kutoka milimani, na ikawa ni kweli. Tukaweka matanga. Katika matanga yale Mama Shemasi hakulia. Alibeba viti, akawaonyesha watu pa kukaa, akawagombeza waliokuwa wanapika maharage kwamba moto ni mkubwa. Wanawake walinong'ona. Mimi nilijua kilio kimemkwama mahali, ila sikujua nikitoe vipi. Asifiwe alikaa nyuma ya hema na vijana wenzake. Kwenye simu zetu, chini ya ule mstari wa kukatwa, palikuwa na mstari unaosema Asifiwe ameingia, maana mashine ilimrudisha kama inavyomrudisha kila mtu. Hakuandika neno. Siku ya kumaliza matanga alichukua begi, akapanda gari la Mbarara, na jina lake likatoka chumbani.

Tulimwambia mama yake. Baba Shemasi, ambaye maneno yake yalikuwa machache kama meno yake, ndiye aliyemwambia kwa ukali: "Mama, ile neno ya muongo ingali mu simu zetu. Mutoto alifanya vile tulimufundisha. Alituita tumusindikize. Inakupasa usimame umupokee."

"Mutoto wangu anajua moyo wangu," alijibu, na miguu yake ilishaanza kuondoka.

Mganga hajigangi. Aliyekuwa akiwapokea watu wote, akiwashika mkono wa kwanza, kwa huyu mmoja alishindwa. Nilijaribu kuelewa. Pengine alifikiri huwezi kumbishia hodi mtu ambaye mlango wake ni mlango wako. Pengine alimwogopa. Nilichokiona ni kwamba alizidi kutapatapa. Akaanza kuwaendea watu kwa makosa ya kitoto. Siku moja alinitoa kwenye cherehani twende kumwonya mama mmoja aliyeandika salamu bila kumtaja mchungaji. Katikati ya njia nilisimama, nikamwambia siendi mbele.

"Mama, mlango unaoukimbia ni mmoja. Hii mingine yote haitaufidia."

Alisimama akiangalia ng'ombe wa watu wakivuka barabara. Nilidhani atanitukana. Alisema tu, "Turudi, Fundi," na tukarudi. Nilimhurumia siku ile, na bado nilikuwa na hasira naye.

Baadaye mimi nilihama. Nilipata kazi ya kushona sare mjini, nikapanga chumba Kakiika, na kumbe si mbali na pale Asifiwe alipopata kazi, mahali wanapokusanyia maziwa ya wafugaji. Kazi yake ilikuwa kuosha makopo makubwa ya chuma. Nikimpitia alinisalimu kwa heshima, kisha aliuliza swali moja, "Mama anakulaka?" Nikijibu ndiyo, alirudi kwenye makopo. Usiku wa Jumapili mama yake alinipigia. Alisema habari za kanisa, za bei ya mahindi, za nani kaachana na nani, na mwisho kabisa, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo, "Yule anakulaka?" Yaani nilikuwa daraja la watu wawili wenye vichwa vigumu, na kila mmoja anapita juu yangu kwenda kuuliza chakula. Nilichoka. Nilimwambia kila mmoja ampigie mwenzake, na kila mmoja aliniambia mtandao ni mbaya.

Mwaka huu, asubuhi moja, mwenye nyumba wangu aliniita nje. "Mama, wageni yako," alisema. Walikuwa wamesimama uani, na vumbi la njia ya Isingiro lote liko kwenye nguo zao. Baba Shemasi sasa anatembea na fimbo. Mama Shemasi alikuwa amekonda, lakini kitenge kilikuwa kipya, nami nikiwa fundi niliona kwamba kimepigwa pasi.

"Fundi, acha nguo," alisema.

Sikuuliza wapi. Nilizima pasi, nikafunga mlango.

Pale pa maziwa geti huwa wazi, watu wanaingia na baiskeli zao na madumu, hakuna anayemuuliza mtu. Asifiwe alikuwa upande wa bomba, amevaa mabuti, ametugeuzia mgongo. Mama Shemasi alisimama getini.

"Hodi," alisema.

Bwana mmoja aliyekuwa anapima maziwa akainua kichwa, akamjibu kwa heshima ya kwao. "Ingia tu, nyabo. Hapa iko wazi."

"Naona iko wazi, baba. Hodi."

Akaendelea kusimama. Watu wa baiskeli walimpita kushoto na kulia. Asifiwe alikuwa ameisikia ile sauti, niliona mgongo wake ulivyokaza, ila hakugeuka. Maji yaliendelea kumwagika kwenye kopo mpaka likafurika. Nikasema moyoni, akikataa kuitika tutafanya nini, tutamrudishaje huyu mama Nakivale? Kisha kijana akafunga bomba.

"Karibu, mama," alisema.

Tukaingia. Kwa desturi, aliyebisha hodi ndiye anayesema kosa, na mashahidi wananyamaza. Mama Shemasi alisimama mbele ya mtoto wake, mikono yake haina nguo ya kukunja wala benchi la kusogeza.

"Asifiwe, nimekuya kusema kosa. Ni yangu," alisema. "Siku ile niliandika muongo. Haukukuwa muongo. Nilisoma jina ya kaka yangu nikajua palepale ni kweli. Nilikukata juu ya kuwa ni kweli."

Kijana alikuwa anatazama mabuti yake.

"Uliomba bashemasi bakusindikize uniambie," mama yake aliendelea. "Nikakuzuia. Kwa hiyo nimebaleta. Ni bale bale. Niambie sasa."

Asifiwe alimtazama Baba Shemasi, akanitazama mimi. Niliogopa atafungua bomba tena. Ana haki, nilifikiri, ana haki kabisa. Kisha akachukua kopo moja, akaligeuza kichwa chini, akalipangusa na shati lake.

"Mama, kaa," alisema.

Alikaa. Baba Shemasi akasimama kulia kwake, mimi kushoto, kama inavyotakiwa, na nikaweka mkono wangu begani kwake. Asifiwe alichuchumaa mbele yake, akamshika mikono kwa mikono yake yenye maji. Hakuruka kitu. Alimsalimu. Akamuuliza safari ilikuwaje. Akamuuliza hali ya nyumbani, naye akajibu nyumbani ni kuzuri.

"Mama, jipe moyo," alisema Asifiwe. "Mujomba ametuacha."

"Lini?" aliuliza Mama Shemasi, na kabla mtoto wake hajamjibu alikuwa ameshaanza kulia.